Anga la Rugu kwa ajili ya Koku

Mjukuu wangu Alinda,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba jogoo wetu amehamia kwa jirani kwa hiari yake. Bibi yako hajambo, kahawa imechanua, nasi sasa tunaamka tukipenda.

Umeniuliza kama ujanani tulipiga picha za anga kabla ya jua kuchomoza, kama hizo unazonitumia kwenye simu kutoka Dodoma. Nilipiga moja. Dada yangu Koku alikuwa anaolewa Kyerwa, kwenye nyumba iliyo chini ya kilima, ambako jua huchelewa kuonekana. Akataka aondoke na alfajiri ya kwetu Rugu. Nikaazima kamera Kayanga, filamu yake imebakiza picha moja tu, tukasimama nyuma ya migomba. Anga likawaka rangi ya machungwa, kisha zambarau.

Mama akatoka mbio. "Unapiga wapi? Hapo hakuna mtu!"

"Napiga anga, Mama."

"Kwani anga ndilo linaloolewa? Nisubiri nivae."

Kwetu picha isiyo na mtu ilikuwa filamu iliyoharibika. Akarudi na kitenge cha kanisani, akasimama wima katikati, mikono ubavuni, akaziba rangi zote.

Koku akaninong'oneza, "Mwache, kaka. Piga."

Picha hiyo iko ukutani kwake mpaka leo. Wageni wakimuuliza huyo mama ni nani, husema, "Hilo ndilo anga la kwetu."

Filamu yenyewe ilikuwa ya nyeusi na nyeupe.

Babu yako