Uwanjani Hakuna Tonton

Jumapili, jioni. Mvua ilitukamata mwisho wa mechi na mpaka sasa inagonga mabati. Nguo za timu ziko kwenye beseni, tope jekundu tupu, miguu inaniuma, na bado natabasamu peke yangu. Acha niandike kabla sijapoa.

Leo najivuna. Mtanisamehe.

Kwa asiyenijua: mimi ni mshonaji hapa Mangobo, mama wa Aziza, anayecheza katika timu ya wasichana ya mtaa wetu. Kocha wao ni yaya Saidi, kaka yangu mkubwa. Mwaka jana viongozi wa klabu waliniomba niwe mlinzi wa watoto, yaani mtu ambaye mtoto anaweza kumjia akiona jambo lisilo sawa. Nadhani walinichagua kwa sababu ya mdomo wangu. Walidhani nitakuwa nawafokea tu wanaotukana waamuzi. Bon, mimi nikaja na sheria.

Ya kwanza haikumsumbua mtu: mtoto haondoki uwanjani na mkubwa peke yao wawili, wala hapandi pikipiki naye, hata akiwa kocha. Ya pili ndiyo iliyowasha moto. Uwanjani hakuna tonton. Kocha aitwe kocha, mleta maji aitwe kwa jina lake, na mgeni abaki mgeni.

Walinicheka sana. Kwetu hapa kila mwanaume wa umri wa baba yako ni papa au tonton, yaani baba au mjomba, hata kama umemwona leo kwa mara ya kwanza. Ni heshima, na mimi mwenyewe naipenda. Lakini tonton hakataliwi. Akikutuma unaenda, akikuita unakuja. Watoto wetu wanajua kusema "ndiyo, tonton" kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Nilitaka wapate mahali pamoja tu ambapo mtoto anaweza kusema hapana na isihesabiwe kuwa ni tusi.

Aliyekasirika kuliko wote ni yaya Saidi. "Mutoto wa dada yangu aniite kocha? Mimi, mukubwa wa hii nyumba?" Kwa majuma mengi Aziza akimwita kocha, yeye anajifanya kiziwi, anatazama mawingu. Mtoto anaomba kubadilishwa, kifundo kimemteguka, na mjomba wake anatazama mawingu! Tuligombana mpaka mama yetu akaingilia kati.

Sasa ya leo.

Tumeshinda, na aliyetuokoa ni Furaha, kipa wetu. Furaha anaishi na koko yake, bibi mzaa mama. Baba yake yuko Banalia, analima. Viatu anavyochezea ni vya kuazima na vinambana, mechi ikiisha anatembea akichechemea. Jambo hilo kila mtu uwanjani analijua.

Bwana mmoja naye amelijua. Ameanza kuja kututazama siku hizi: shati safi, soda kwa watoto, salamu kwa kila mzazi. Anasema ana watu Kinshasa wanaotafuta wasichana wenye kipaji. Rais wa klabu anampa kiti chake. Wazazi wote wanamwita tonton, mimi namwita bwana, na naona hafurahii.

Mawingu yalipofunga, kila mtu alikimbilia vitu vyake. Yaya Saidi na mimi tulikuwa golini tunafungua wavu. Nikageuza macho nikaona pikipiki inanguruma kando ya uwanja, dereva tayari ameshika usukani. Yule bwana amesimama karibu nayo, na Furaha yuko mbele yake, vile viatu vya kuazima mkononi. Wasichana walinieleza baadaye alichokuwa akimwambia: apande, waende wawili mpaka pale bwana anapolala, ajaribu viatu vipya, halafu atamrudisha mara moja.

Nikaacha wavu, nikakimbia ndani ya tope la mvua ya jana, kandambili moja ikabaki nyuma. Nilikuwa bado sijafika niliposikia sauti ya Furaha, ndogo, inatetemeka.

"Hapa hauko tonton. Siendi na wewe peke yangu. Leta viatu hapa."

Yule bwana akacheka. Aziza akaja kusimama kando ya Furaha, kisha mwingine, kisha wote, na tope lao mpaka kwenye nyusi. Mmoja akasema basi waende timu nzima kujaribu hivyo viatu. Lo! Hapo kicheko kikamwisha. Akaanza kusema kwa sauti kwamba watoto wa klabu hii hawana adabu. Na kibaya zaidi, mama mmoja, mzazi mwenzetu, akamgeukia Furaha: "Unajibu mukubwa vile? Omba pardon!"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtoto amefanya kila tulichomfundisha. Akilazimishwa kuomba radhi kwa hilo mbele ya watu, hatasema hapana tena, na wenzake wote wanaotazama nao watafunga midomo. Nilifungua kinywa changu hiki maarufu, na nilikuwa nahema tu.

Yaya Saidi akanipita, wavu begani. Akasimama kati ya Furaha na yule bwana.

"Mimi mwenyewe, mutoto wa dada yangu ananiita kocha. Wewe ni nani? Donc, viatu iko? Leta hapa, mbele ya hawa wamama."

Yule bwana alipanda pikipiki, akaondoka peke yake. Mvua ikamwagika. Yule mama aliyefoka alibaki akikunja mwavuli wake badala ya kuufungua.

Labda ni mtu mwema. Sijui, na sitamzushia. Lakini mtu mwema angevileta viatu uwanjani. Rais alinung'unika kwamba tumemfukuzia mfadhili. Nikamwambia kesho tunakaa, wazazi wote waelezwe, klabu za jirani zijulishwe, na kile kiti asikitoe tena ovyo. Alimtazama yaya Saidi akitafuta msaada. Hakuupata.

Aziza na mimi tulimsindikiza Furaha nyumbani, ili koko yake asikie habari kutoka kwetu kabla ya kuisikia sokoni. Njiani mtoto akaniuliza, "Mama Aziza, nilikosa?" Kama ni mvua usoni mwake au machozi, sikuweza kujua. Nikamwambia hapana, hukukosa. Baada ya hatua chache nikamwambia tena, kwa sababu niliona ile ya kwanza haijamwingia. Koko alisikiliza yote bila kutukatiza. Kisha akamuuliza kama ni kweli alimjibu mkubwa. Furaha akaitikia, kichwa chini. Bibi akamvuta, akamfuta tope usoni kwa pindo la kitenge chake, akamwambia makemba, zile ndizi za kupika, yameiva, akae ale.

Nimelia kidogo kwenye njia ya kurudi, sifichi. Furaha alivitaka vile viatu. Alivitaka mno, na akasema hapana na sauti yake inatetemeka hivyo hivyo. Sijui kama mimi, katika umri wake, ningeweza.

Kesho asubuhi vile viatu vya kuazima navipeleka kwa fundi viatu, avipanue. Akishindwa, nitapita nyumba kwa nyumba mpaka nipate jozi inayomtosha, na atakabidhiwa uwanjani, mchana kweupe, watu wakitazama.

Yaya Saidi amekula kwetu. Tuko mezani, Aziza akamwomba ampitishie pondu, mboga ya majani ya muhogo: "Tonton, pondu." Yeye anaendelea kula. Akarudia, "Tonton!" Ndugu yangu ameinua macho, anatazama mabati kana kwamba hajawahi kuyaona. Nilitaka kumuuliza ana nini. Aziza alielewa kabla yangu.

"Kocha, pondu."

Akageuka, akampa sahani.