Anwani Nne za Shule

Jumatatu, 14 Julai 2025
Baridi, mawingu, Mlima Meru hauonekani. Lerionka katangazwa mkuu wa mtandao. Mimi niliyemfundisha kugawa anwani za IP, namba za kutambulisha mashine mtandaoni, nikapiga makofi na wengine. Mzee Gurbachan, mwenye kampuni yetu ya intaneti, kasema kijana anajua kuongea na wateja. Kuongea — sawa!

Jumanne, 15 Julai
Mwalimu Agnela kaja ofisini Themi kutoka Maji ya Chai. Ijumaa shule mbili za jirani zitafanya mtihani wa majaribio kupitia seva iliyopo shuleni kwake. Ili waifikie, anahitaji anwani za nje, zinazoonekana kutoka popote, nne tu. Lerionka kamjibu zimeisha. Zimeisha! Mwezi uliopita kaipa hoteli moja ya watalii anwani thelathini na mbili, kwa sifa tu. Wanatumia tano. Nyingine zimelala. Mwalimu kaondoka bila hata kumaliza chai. Nimeona aibu.

Jumatano, 16 Julai
Nimekata! Hoteli nimeiachia nane, shule nimeipa nne. Ruta moja, mashine ya kuelekeza njia za mtandao, ikaiambia jirani yake njia mpya, nayo ikaiambia nyingine, kama umbea wa saluni. Punde mtandao mzima ukaijua shule. Hoteli haijapoteza kitu inachokitumia. Mwalimu Agnela kapiga simu anacheka.

Alhamisi, 17 Julai
Lerionka kagundua. Kakimbilia kwa mzee. Hakusema hoteli imeumia, kasema nimemvunjia heshima. Mzee hakuniuliza neno. Ruta nayo ndivyo ilivyo: jirani akidai ana njia fupi, inamwamini, hata kama njia inaishia ukutani. Amri: kesho asubuhi anwani zote zirudi kwa hoteli. Nimeomba mtihani uishe kwanza. Wamekataa. Nina hasira.

Ijumaa, 18 Julai
Wasichana wa zile shule za jirani wameanza mtihani. Nawaona kwenye skrini, shule zote mbili zimeingia. Nimekataa kuwazima. Lerionka kajaribu mwenyewe, kahangaika, kashindwa. Sasa kavuta kiti karibu yangu, kama zamani alipokuwa anajifunza.
"Dada Silantoi, nionyeshe tu pa kuanzia. Nitabonyeza mwenyewe."
Nimemwambia asubiri wamalize. Hasubiri, wala haondoki. Naandika hapa ili mikono iwe na kazi. Nikimwonyesha mara moja tu, hasahau. Mwanafunzi mzuri huyu — nilimsifu mwenyewe kwa mzee. Mtihani bado saa nzima. Mzee katoka ofisini kwake, anakuja huku, na Lerionka kaanza kukumbuka nilivyomfundisha kukata njia.