Sombe Yangu Inaivia kwa Jirani

Mpendwa mshauri, Maman Rolande, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana nikichelewa nitaumbuka mbele ya kwaya nzima.

Mume wangu Modeste ni mtu mwema, hilo nalisema kwanza, lakini tangu bili za umeme na gesi zianze kupanda hapa ugenini Etterbeek hana raha, anazima taa nami nimo chumbani, halafu akasikia kwenye mkutano mmoja kwamba gesi ni ya kupita na nyumba zote zitahamia umeme, basi akarudi na jiko jipya la kioo, lile la induction, akaita fundi akafunga bomba la gesi, nami nikapiga makofi kwa sababu alifurahi kama bwana harusi. Kesho yake nikaweka sufuria yangu ya alumini niliyotoka nayo Bukavu, jiko likalia pii, likazima, nikaweka nyingine, pii. Ningemwambia siku ileile yangeisha, lakini alikuwa ameshawapigia simu ndugu zake wote kujisifu, nikaona vibaya kumvunja moyo, nikaingia na sombe yangu, majani ya muhogo, kwenye lifti nikashuka kwa Nyambura, jirani yangu Mkenya ambaye bado ana gesi, na tangu hapo ndiko ninakopikia, sombe, maharage, bugali, napandisha vikiwa moto kabla Modeste hajatoka kazini, na siku akiwa nyumbani napasha ya jana kwenye mikrowevu.

Yeye anakula na kusifu: "Unaona, maman? Hii bugali ni ya courant, gaz ilishakufa!" Bili yetu imeshuka kweli, ila ya Nyambura imepanda, na jana aliniambia, "My dear, hii story imenishinda, kila jioni bwanangu Nathaniel anasema ni mimi nakaa kwa shower mpaka bill inapanda." Juu ya hayo, Jumapili Modeste alimwambia Tonton Élisée, mzee wetu wa kwaya anayetaka naye kung'oa gesi yake, akaialika kwaya nzima kwetu Jumamosi: "Bon, mukuye bote Samedi, maman atapika bugali mbele yenu, mutajionea na macho!" Nimwambieje mume wangu bila kumwaibisha?

Pétronille, Etterbeek

*

Pétronille, nimecheka mpaka chai ikanimwagikia, kisha nikafika kwenye habari ya Nyambura nikaacha kucheka.

Pole, mdogo wangu. Jiko lako si bovu wala hujarogwa: linataka sufuria inayoshika sumaku, na alumini haishiki. Bandua sumaku kwenye friji yako, nenda nayo madukani Porte de Namur, ibandike chini ya kila sufuria bila aibu, ikishika, nunua. Sombe ipike kwenye sufuria ya presha, maana umeme hapa ni ghali kuliko gesi, na ukichemsha mchana kutwa Modeste atarudia kuzima taa. Bugali ikichemka, ipua, weka sufuria sakafuni juu ya kitambaa kibichi, usongee hapo kama nyumbani, usije ukapasua kioo.

Modeste hakukosea kuamini, alikosea kutangaza ushindi. Gesi itatoka, lakini haitoki kwa siku moja. Hata huo umeme anaoringia, sehemu yake hutengenezwa kwa gesi. Tonton Élisée ayajue hayo kabla hajaita fundi. Mzee wa watu ang'oe bomba lake kwa sababu ya sombe iliyoivia kwa jirani? Na mwanaume anayesifu jiko bila kulisogelea naye ana lake la kujibu. Jumamosi yeye ashike sufuria, wewe usonge.

Ila swali lenyewe umeliruka. Unaogopa mumeo asije akaaibika. Na mwenzio anayeitwa mfujaji nyumbani kwake kila jioni, je? Nyambura amekupa moto wake, anasemwa kwa ajili yako, na bado hajakutaja, huku wewe unapanda lifti na bugali. Hilo limeniudhi, sikufichi. Modeste atanuna, atakula, atacheka, namjua mtu wa aina yake. Nyambura ndiye anayeumia.

Kwa hiyo leo, kabla hujamwambia mumeo hata neno, shuka. Gonga mlango wa Nathaniel, umwambie gesi yake umeichoma wewe na utailipa. Useme kwa sauti, mkewe asikie.