Kopo la Unga Limerudi

Jumamosi. Mvua imekatika, udongo unanukia, na nina furaha mpaka najiona mjinga.

Ni wiki ya tatu mimi na Neema, binti yangu wa miaka tisa, tunaishi chumba chetu wenyewe hapa Kitete. Kabla ya hapa tulikaa miezi minane kwenye nyumba ya akina mama wenye virusi vya Ukimwi na watoto wao. Pale walinifundisha kushona, wakamrudisha Neema shule, mwisho wakatutafutia chumba hiki. Na kabla ya hapo, Urambo, mwenye nyumba aliziona dawa zetu, akatutolea godoro nje.

Ndiyo maana hapa nilizificha. Vichupa nilivijaza pamba visilie, nikavifukia kwenye kopo la unga. Nilijiona mjanja kweli.

Leo asubuhi, nikiwa kazini kwenye cherehani, Bi Salma mwenye nyumba aliishiwa unga akaja kuazima. Neema, mtoto niliyemfunza adabu, akampa kopo zima.

Kopo zima!

Niliporudi, Neema akaniambia. Sikwenda kuomba wala kujieleza. Nilifunga nguo zetu kwenye shuka, nikakaa juu ya mzigo kusubiri kufukuzwa.

Alasiri Bi Salma akabisha hodi. Alikuwa na kopo mkononi. Ndani mlikuwa na visheti vya moto, na vichupa vyetu vimefutwa unga, vimefungwa pembeni kwenye mfuko safi.

"Mwanangu, dawa haziwekwi kwenye unga, zitapata unyevu. Na hiyo simu yako ikilia jioni saa ya dawa, niite. Mimi ya presha naisahau kila siku."

Nililia, nikacheka, nikalia tena. Najua chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, ila sikutegemea zaidi ya notisi ya kuhama. Nakiri pia kwamba nilimdhania maringo, kisa mlango wake wa nakshi alioachiwa na babu zake wafanyabiashara. Mungu anisamehe.

Saa kumi na mbili simu imelia. Bi Salma amekuja na kikombe chake, tukameza watatu, yeye ya presha, sisi zetu.

Nguo zimerudi kwenye misumari. Pamba nimeitupa. Neema anatikisa kichupa chake kama kayamba, anacheza chumba kizima, na mimi sijamwambia anyamaze.