Mstari wa Masalu

Jumamosi, 2 Agosti 1997

Mume wangu Masalu karudia tena: “Sabina, rudi kwenu Usagara. Wewe bado kijana.” Kumbe ameshatuma ujumbe kwa kaka Ndalahwa aje anichukue. Bila kuniuliza! Tangu Masalu aanguke kwenye ngazi akiandika tangazo ukutani kule Nyakato, mikono haifanyi kazi, miguu haifanyi kazi. Umebaki mdomo — na anautumia vibaya. Siendi.

Jumanne, 5 Agosti

Alia kaja, binti wa mzee Tayabali anayetuuzia rangi miaka yote. Anasomea uhandisi Kanada. Kaleta kompyuta na kofia ya nyaya. Anasema ubongo hutoa umeme kidogo sana. Mstari unatembea kwenye kioo cha kompyuta; Masalu akiwaza kuinua mkono, unapanda. Akitulia, unashuka. Mama mkwe akauliza: na anayotuwazia sisi, inayasikia? Alia akacheka — hapana mama, mkono tu. Nikashusha pumzi.

Mstari uliyumba kama mlevi. Masalu akatukana. Umeme ukakatika.

Alhamisi, 7 Agosti

Mstari umepanda! Alipotaka yeye!

“Ni mimi?”

“Ni wewe, kaka Masalu.”

Akarudia. Jasho linamtoka. Mwisho, kwa kupanda na kushuka, mstari ukawa umechora mawe — mawe ya ufukweni Pasiansi, yamepinda lakini ndiyo yenyewe. Akalia, akacheka, akataka ugali na sato. Tangu ajali hajawahi kuomba chakula mwenyewe! Mimi nilienda kulia jikoni.

Jumapili, 10 Agosti

Alia kaugeuza mstari. Sasa unashuka wenyewe, Masalu anausukuma kushoto na kulia. Kanikalisha upande, nitazame dirisha. Sura yangu!

“Usitikisike,” Masalu ananiamuru. Yeye! Nikacheka, pua ikaharibika, akaanza upya. Sauti ile ile aliyokuwa akiwagombeza nayo wateja wake wa matangazo. Nilikuwa nimeikosa, jamani. Paji la uso. Pua — pua yangu kabisa.

Hodi. Kaka Ndalahwa.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Shemeji ameniita. Umefunga mizigo?”

Masalu hakutoa macho kwenye kioo. “Karibu chai, shemeji. Huyu hatoki. Sijamaliza mdomo.”

Kaka yuko sebuleni na kikombe chake, haelewi kitu. Naandika haraka jikoni. Na mdomo ukiisha? Kuna kidevu. Kuna shingo. Haya, ananiita — kwa ukali! —