Kengele ya Saa Kumi na Moja na Nusu

Hay, 12 Machi 2023

Kwa mwanangu Tegan,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na hilo jiji lako la Melbourne. Huku sisi tu wazima, mimi na mbwa wangu Biddy, ila mgongo ndio ule ule, kila asubuhi unataka kubembelezwa kabla haujakubali kunyooka. Masikio yamekufa kabisa sasa. Nesi alinishauri ninunue simu ya kuandikia ujumbe. Nikamwambia miaka thelathini ya kunyoa kondoo chini ya mashine imeyala masikio, lakini mikono imebaki, na mikono hiyo inajua kalamu. Basi utanivumilia na barua.

Yako nimeipata. Naona umeiandika kwa kalamu tatu tofauti, na kuna doa la supu juu ya jina langu. Unasema chakula cha mchana unakila mbele ya kompyuta. Mwanangu, hata Biddy akipewa mfupa huacha kazi kwanza. Unasema pia kwamba tarehe ishirini hutaweza kuja kuweka maua kwenye kaburi la mama yako. Sikulaumu, nitakwenda mwenyewe. Lakini huu ni mwaka wa tatu.

Unakumbuka banda la kunyolea, ulipokuwa ukija na mama yako kutuletea keki? Siku yetu ilikuwa na mikupuo minne ya saa mbili mbili. Saa moja na nusu kengele, tunaanza. Saa tatu na nusu kengele, chai. Hivyo hivyo mpaka saa kumi na moja na nusu, kengele ya mwisho, na baada ya hiyo hata mwenye shamba alie machozi, hakuna ambaye angekwenda kushika kondoo mwingine. Hiyo ofisi yenu ina kengele? Niambie.

Ni mimi baba yako


Melbourne, 2 Aprili 2023

Baba mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Biddy. Mgongo unaendeleaje? Unapaka ile dawa niliyokuletea, au umempa jirani? Mimi sijambo, uchovu tu wa kawaida.

Kengele hatuna, Baba. Tuna simu, na hizo zinalia siku nzima. Tangu mafuriko, madai ya bima yamekuja kwa maelfu. Kila faili ni nyumba iliyojaa matope na watu wanaolala kwa shemeji zao wakisubiri jibu letu. Nina watu kumi na mmoja chini yangu. Unadhani naweza kuinuka saa tatu na nusu nikanywe chai?

Na ninao watu wazuri. Yupo Zorica Perkov, meza yake imepakana na yangu, ana miaka hamsini na mbili na hajawahi kuniambia hapana. Nikimwandikia Jumapili hunijibu kabla sijaweka simu chini. Mimi na yeye tunashindana nani atafunga mafaili mengi kwa wiki, na mkurugenzi ameyabandika majina yetu ukutani. Wiki iliyopita nilimshinda kwa mawili, akaninunia mpaka Jumatano, kwa utani lakini.

Usinikemee. Wewe mwenyewe ulikuwa wa kwanza katika kila banda kutoka Hay mpaka Hillston. Nimekua nikiitwa binti wa yule mnyoaji asiyeshikika. Nami nalitaka jina hilo. Juni nitakuja, naahidi.

Mwanao


Hay, 9 Aprili 2023

Mwanangu Tegan,

Nafurahi kwamba hujambo. Mimi pia, tumshukuru Mungu, na dawa sikumpa jirani, nimempaka Biddy mguu na anakimbia vizuri.

Uliposema unalitaka jina langu, niliweka kikombe chini nikausoma mstari huo mara ya pili. Nikuulize jambo moja. Huyo Zorica anajibu Jumapili kwa sababu anapenda, au kwa sababu wewe umemwandikia?

Kuna habari ya mtu aitwaye Lindsay Crouch, sijawahi kumweleza yeyote, hata mama yako. Nitakueleza Juni uso kwa uso. Nimejaribu kuiandika hapa, kalamu imekataa.

Baba yako


Melbourne, 30 Mei 2023

Baba,

Natumaini hujambo. Juni haitawezekana, tuna ukaguzi. Pengine Agosti. Mimi mzima, ila usingizi umepungua na jicho la kushoto linachezacheza lenyewe. Tafadhali kula vizuri.

Tegan


Hay, 5 Juni 2023

Mwanangu,

Mistari minne, imepigwa kwa mashine, na chini umejiandika Tegan kama unavyowaandikia wateja wako. Huyo Tegan namfahamu, nilimpa jina mimi. Lakini nilikuwa nangoja mwanangu.

Shuka za chumba chako nilikwisha tandika. Nitaziacha zilivyo. Hilo jicho lako linakuambia kitu, lisikilize.

Baba yako


Melbourne, 13 Agosti 2023

Baba yangu,

Sijui kama u mzima, na naona haya kuuliza baada ya miezi miwili na zaidi. Mwilini mimi ni mzima.

Zorica amepatwa na kiharusi. Ilikuwa Jumatatu saa nne asubuhi, mezani kwake. Nilimwona anabonyeza herufi moja kwa kidole kimoja, tena na tena, ukurasa mzima umejaa herufi hiyo, nikadhani anafanya utani. Nikamwambia, "Zorica, acha masihara, tumebakiwa na saa moja tu ya kupeleka mafaili." Hayo ndiyo maneno yangu kwake, Baba. Kisha akainamia upande, na kikombe chake kikaanguka.

Yuko hai. Mkono wa kulia hauinuki na maneno yanamtoka kwa shida. Daktari anasema presha yake ilikuwa juu kwa muda mrefu na hakuna anayeweza kusema ni kazi. Ofisini wote wananiambia kwa upole kwamba si kosa langu. Lakini nimefungua simu nikasoma tulivyoandikiana. Jumapili, siku moja kabla, mchana aliniandikia, "Nimemaliza. Kichwa kinaniuma, najilaza kidogo." Nami nikamjibu, "Asante. Na lile faili la familia ya Dunstan?" Baada ya saa mbili akaniletea.

Hakulala, Baba. Kwa sababu yangu hakulala.

Ulitaka kunieleza habari ya Lindsay Crouch. Nakuomba uilazimishe kalamu.

Mwanao


Hay, 18 Agosti 2023

Mwanangu,

Nimeipata barua yako, na nimeona umerudi kujiandika "Mwanao" pale chini ya karatasi. Mimi ni mzima. Pole sana, na pole nyingi kwa Zorica na watu wake.

Lindsay alikuwa jirani yangu katika banda moja kaskazini mwa hapa, Februari ya 1979. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Joto la siku hiyo lilifanya mabati yalie. Mkupuo wa tatu ulipokaribia kwisha tulikuwa sawa, kila mmoja kondoo mia moja hamsini na tatu. Sasa ujue ujanja wetu. Kengele ikilia, kondoo uliyekwisha mshika unaruhusiwa kummaliza, naye anahesabiwa wako. Kwa hiyo mnyoaji mwenye tamaa huiangalia saa ya ukutani, na zikibaki sekunde chache hukimbilia zizini anyakue mmoja zaidi. Wenzake wanakunywa chai, yeye bado ameinama. Mimi nilifanya hivyo kila mkupuo, miaka nenda miaka rudi. Hivyo ndivyo nilivyopata lile jina, na mgongo huu pia.

Siku ile Lindsay alikuwa amebadilika rangi, uso wa kijivu, na jasho limekauka. Niliona, Tegan. Watu wameniambia miaka yote kwamba hakuna aliyeweza kujua, nami nikawaacha waseme. Niliona. Nikaitazama saa, nikawaza kwamba nikienda, naye ataenda. Nikaenda. Akaenda. Alimburuta kondoo wake mpaka mahali pake, akamnyoa tumbo na ubavu mmoja, kisha akamlalia juu. Kengele ilikuwa inalia. Tulipomtoa nje alikuwa amekwisha fariki.

Kondoo wake akabaki anazunguka ndani ya banda, nusu ya sufu inaburuzika sakafuni. Msimamizi akasema mtu ammalize. Nikammaliza mimi. Karani akauliza aandike kwa nani, nikanyamaza, akaandika kwangu. Nilikuwa na wangu tayari, sikumhitaji huyo ili niwe wa kwanza. Nilimchukua tu.

Mjane wake, Valda, anaishi Balranald. Kila Krismasi ananitumia kadi kwa posta, kwa sababu anajua nilikuwa rafiki wa mumewe. Sijawahi kwenda kumwona hata siku moja.

Hakuna aliyemwambia Lindsay ashindane nami. Mimi pia sikumwambia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mbele, na nilijua kwamba yuko nyuma yangu. Wewe uko mbele ya watu kumi na mmoja. Siandiki haya ili nikuumize. Nayaandika kwa sababu mimi nilitengeneza jina hilo, na wewe umelirithi bila kuambiwa lilitoka wapi.

Nakutumia kengele ya banda lile. Walipolibomoa nilikwenda nikaichukua, imekaa ndani ya gunia tangu hapo. Itundike ofisini kwako. Mikupuo minne, na kati yake mle chakula mkitazamana. Asubuhi kabla ya kuanza, noa visu vyako, nina maana ujue siku hiyo utafanya nini, usingoje simu ikuambie. Kondoo kumwacha nusu ni ukatili, ndiyo maana tuliruhusiwa kummaliza. Barua za ofisini hazisikii baridi. Kengele ikilia, iache barua hata katikati ya neno.

Baba yako


Melbourne, 24 Septemba 2023

Baba yangu mpenzi,

Salamu kwako, na ukae ukijua kwamba barua yako nimeisoma peke yangu na hakuna mwingine atakayeisoma. Sijapunguza upendo. Nimelia, kisha nikaenda kununua msumari.

Kengele imetundikwa kando ya dirisha. Siku ya kwanza watu walicheka, na mkurugenzi akauliza kama tumefungua shule ya chekechea. Akasema tutarudi nyuma. Wiki ya kwanza tulirudi nyuma kweli. Sasa ni wiki ya nne, tunafunga mafaili kama zamani, na yale yanayorudishwa kwa makosa yamepungua, nadhani kwa sababu watu wanasoma wanachokiandika. Majina nimeyabandua ukutani mwenyewe. Jumamosi na Jumapili simwandikii mtu. Mgumu kuliko wote ni mimi. Kengele ililia na vidole vyangu vikaendelea, na watu kumi wakakaa wakinitazama, hakuna aliyeinuka. Ndipo nikaelewa ulichoniambia. Nikasukuma kiti, nikasimama. Wakasimama.

Nilikwenda kumwona Zorica. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, akanitangulia. Neno moja moja, kwa shida, akauliza kama faili la familia ya Dunstan lilifika kwa wakati. Akasema, "Samahani, nilichelewesha." Nilimshika ule mkono usiosikia, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeona kichwa kinamuuma nikamtuma kazi. Kisha akasema, "Najua." Hakusema kwamba si kitu, Baba, na ninamshukuru kwa hilo.

Jicho limetulia.

Mwanao


Melbourne, 12 Machi 2024

Baba yangu,

Natumaini u mzima, na mgongo umeamka na tabia njema. Mimi nalala, nakula, na mchana nakula mezani pamoja na wenzangu, utafurahi kusikia. Kazi ya leo nimeimaliza mapema, zimebaki dakika chache, nimeona nizitumie kwako.

Zorica amerudi kazini mwezi huu. Anafanya mkupuo mmoja tu, ule wa mwisho, na anaandika kwa mkono wa kushoto. Siku aliporudi aliitazama kengele, akauliza ni kazi ya nani kuipiga. Tukasema ni ya yeyote aliye karibu. Akasema basi kuanzia leo ni yake. Huipiga kwa mkono ule wa kushoto, kwa nguvu, mpaka watu wa ghorofa ya chini wanaisikia, na sheria yake ni kwamba ikilia hakuna anayebaki kitini, hata mimi, hata kwa nusu dakika. Jana mkurugenzi alikuwa katikati ya hotuba. Alikatizwa.

Tarehe ishirini nitakuwa nawe kwenye kaburi la Mama. Likizo nimeomba tangu Januari na nimeipata, wiki nzima, usibishe. Shuka zile zifue, zimekaa karibu mwaka.

Na kuna jambo la pili. Ulisema katika barua yako ya Krismasi kwamba kadi ya Valda imekuja tena na hujaifungua. Usiifungue. Ichukue kama ilivyo. Baada ya kutoka kaburini nataka twende Balranald, mimi na wewe. Nitaendesha mimi, mkanda wa kiti utakuumiza mgongo lakini ni safari ya saa moja na nusu tu. Najua unaogopa. Wewe humsikii mtu, kwa hiyo atakachokuambia nitakuandikia kwenye karatasi, neno kwa neno, hata kama ni kibaya. Zorica ameinuka sasa, anaiendea kengele. Lakini habari yako utamwambia Valda mwenyewe, kwa sauti yako, na mimi nitakaa hapo ubavuni mwako, nimekushika mko