Kijiko cha Arobaini

Sefakoy, Istanbul

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako: limekubali ile dawa ya kuchua, au bado linakununia asubuhi? Mjomba hajambo? Na majirani wote hapo Chumbageni? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mjukuu wako Nafisa ametimiza arobaini Jumapili iliyopita, na hiyo ndiyo sababu ya karatasi hizi. Mambo yenyewe hayaenei kwenye simu, na mengine nisingethubutu kuyasema huku nakusikia ukiguna.

Arobaini hata hawa Wauyghur wa mume wangu wanayo, mama, ila yao ni ya maji. Watoto arobaini wa mtaa hupanga foleni na vijiko vya mti, kila mmoja anammiminia mtoto kijiko kimoja cha maji na kumtakia jema kwa sauti. Mama mkwe wangu, Bi Hornisa, aliapa kwamba dua hizo zitasemwa kwa Kiuyghur, la sivyo shughuli haipo. Sasa watoto wenyewe wamezaliwa hapa na wanasoma hapa. Kituruki kinawatoka bila kufikiri, na Kiuyghur wanakijua kwa kukaripiwa tu. Mwaka jana, kwenye arobaini ya jirani, walimimina Kituruki mwanzo mpaka mwisho. Bi Hornisa akarudi nyumbani akalia mpaka macho yakavimba, akisema lugha iliyowavusha milima sasa inafia kwenye beseni la kuogeshea mtoto.

Safari hii mume wangu Yalkun alimwambia asijisumbue, watoto ni watoto. Alijibiwa kwamba aliyeoa mgeni asimfundishe mtu habari za lugha, kwani huyo mkewe miaka sita yumo humu ndani na masikio yake ni ya kutundikia hereni tu. Alisema hayo mbele yangu, mimi nanyonyesha. Nikatabasamu kama asiyeelewa.

Nilielewa, mama. Nilikuwa naelewa tangu mwaka wa pili. Lugha hii ukiisikiliza kwa sikio la Tanga imejaa jamaa zetu: dunia ni dunya, kitabu ni kitab, wakati ni wakit, umri ni omur, bahati ni bekht. Nao kama sisi wana neno moja tu la "yeye", mume na mke sawasawa. Kilichonisumbua ni mizigo. Neno letu hujitwika viambishi vyake kichwani, lao hufungasha kila kitu nyuma, na kitendo chenyewe hakiji mpaka mwisho wa sentensi, umekaa roho juu hujui umesifiwa au umetukanwa. Bi Hornisa alinifundisha vizuri sana, kwa kunisema. Mimi sikufungua mdomo kwa kiburi tu. Mwaka wa kwanza nilijaribu maneno mawili, akacheka, nikaapa hatanisikia tena. Kisha kimya kikaninogea, na mwishowe kikanitia aibu.

Shule zilikuwa zimefungwa. Kila adhuhuri Bi Hornisa alipokwenda mgahawani kuvuta unga uwe tambi, watoto walikuja kumtazama Nafisa. Nikaweka sharti: anayetaka kumpakata atoe kwanza dua moja kwa Kiuyghur. Walinicheka, eti shangazi wa Afrika atufundishe lugha yetu! Nikawauliza, kama ni yenu, mbona ninayo mimi? Hilo liliwachoma. Nikawapa na maneno ya Kiswahili walinganishe, wakawa wanawinda maneno pacha nyumba hadi nyumba, na bibi zao wakashangaa kuona wajukuu wanauliza badala ya kukimbia. Wote waliapa kutonitaja.

Jumapili foleni ilifika mpaka ngazini. Wa kwanza, mtundu mmoja aitwaye Elshat, alimimina na kupaza Kiuyghur safi kwamba Nafisa awe shujaa, asiogope hata mwalimu wa hesabu. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Wa pili akafuata, wa kumi, wa thelathini, hakuna aliyetamka Kituruki, na Bi Hornisa, aliyeshika beseni, akawa anawahesabu kwa sauti. Basi wakafika thelathini na tisa, foleni ikaisha. Selime, wa mwisho, alikuwa kalala kwao na tetekuwanga. Bi Hornisa alipauka uso, maana thelathini na tisa si arobaini.

Nikainuka. Nilichukua kijiko, nikamwambia kwa lugha yake kwamba mimi nami ni mtoto wa nyumba hii, hata kama masikio yangu ni ya hereni. Nikammiminia mwanangu nikimtakia umri mrefu, na ulimi usiomkana bibi yake hata mmoja.

Yalkun alidondosha sinia la halwa. Bi Hornisa akanikazia macho.

"Kwa hiyo ile siku niliyosema wali wako ni gundi ya viatu?"

"Niliisikia, mama."

"Na ile niliyosema una shingo ya bata?"

"Hiyo nilikwenda kuichekea jikoni."

"Jasusi mkubwa we!" akanipiga kijiko begani, na hapohapo watoto wakashindwa kujizuia, wakapiga kelele kwamba ni mimi niliyewafundisha wote. Alicheka, akalia, akanikumbatia na beseni lake mpaka tukalowa. Mama, sijawahi kujisikia mrefu kama siku ile.

Sasa nikiri kwako. Zile salamu nilizokuwa nakuandikia kila Idi, kwamba mama mkwe anakupenda na anayasifu malezi yako, nilizitunga mimi. Hakuwahi kutuma hata moja. Sikutaka ujue kwamba mwanao anaishi kwa watu kama kabati. Nisamehe.

Yalkun anakuamkia, na Elshat anaomba umtafutie maneno pacha mengine. Ninapoandika haya Bi Hornisa amekaa ubavuni pangu, anasema, nami nageuza Kiswahili. Haya si yangu:

"Dada yangu wa Tanga, nimelia miaka sita kwamba lugha yangu haina mrithi nyumbani, kumbe mrithi ndiye aliyekuwa akinimiminia chai. Ahsante kwa kunizalia."

Mwanao,
Mwanakombo